Ngazi Niliyoichora Kariakoo

Shirika la umma nilikokuwa mchoraji ramani lilipobinafsishwa, nilipunguzwa kazi. Nikajiunga na darasa la kompyuta huko Kariakoo, ghorofani juu ya duka la vitenge. Mwalimu alikuwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika penseli na rula pale shirikani. Alinipokea kama vile hatujawahi kuonana.

Siku moja tulichora ngazi kwa isometriki, mchoro unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja. Pembe zake nilizijua. Kipanya ndicho kilichonikimbia mkononi. Nilipomaliza, wenzangu walikuwa wameshaanza soga. Mwalimu akainama, akaufuta mchoro wangu wote.

"Mama, hapa siyo shirikani. Hapa watu wanaenda na wakati."

Darasa zima likacheka. Nikachora upya huku machozi yakinilengalenga. Ngazi ikatoka safi mno hata mwalimu akaichapa na kuibandika ukutani.

Baadaye mkandarasi mmoja alikuja kutafuta mchoraji, akauliza ngazi ile ni ya nani.

"Ya huyu," mwalimu akasema, akimwonyesha binti wa kiti cha mbele.

"Ni yangu mimi," nikasema.

Mkandarasi akazitazama mvi zangu, akatabasamu kwa huruma, kisha akamwuliza binti ataanza kazi lini.