Msichana Aliyeukana Wimbo Wake

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa tumalizane, kwa sababu nikishaanza sitaki unikatize. Sikuota, sikuwa mgonjwa, na ilikuwa saa nane mchana, jua la Agosti limewaka Deira, huku kwa Waarabu, hadi lami inanata kwenye viatu.

Mimi ni Mkenya wa Kitale, nasafisha vyumba hotelini. Chumba changu cha mwisho siku hiyo kilikuwa cha mzee mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu aliyekuja kumtembelea bintiye. Alikuwa na gitaa, na kila asubuhi alifanya mazoezi ya wimbo mmoja tu, maana Ijumaa angeuimba kwenye karamu ya Wamarekani wenzake. Nilimuuliza, "Sir, wimbo huu unahusu nini?" Akaniambia ni wa zamani sana, wa milimani kwao, na kisa chake ni cha kweli: kijana alimuua mchumba wake akamtupa mtoni, kwa sababu msichana alikuwa na wanaume wengine. Kijana akanyongwa. Wimbo ukabaki.

Sasa wewe unajua wimbo ukishakuingia kichwani. Siku hiyo mzee alikuwa ametoka. Nikawa natandika kitanda huku nauimba, nimefika ubeti wa yule msichana mdanganyifu.

"Nani alikwambia nilimdanganya?"

Nikageuka. Alisimama mlangoni pa bafu, binti wa Kizungu wa miaka kama ishirini hivi, gauni refu limemganda mwilini, maji yanamchuruzika mpaka kwenye zulia. Alisema kwa lugha gani? Niamini, hadi leo sijui. Nilimwelewa tu, kama ninavyomwelewa mama yangu.

Nikababaika. "Samahani, madam, nilidhani hakuna mtu."

"Nilikuwa na mimba yake," akasema. "Nilimtaka anioe, basi. Huo wimbo aliutunga kaka yake, ili watu wamhurumie. Mwambie huyo mzee. Yeye ni damu yao."

Akataja jina lake, mara mbili. Nikapepesa macho, hayupo. Zulia lilikuwa limelowa chapachapa.

Nilikaa pale pale sakafuni hadi mzee akarudi. Nikamweleza yote, nikijua kabisa kwamba akilalamika kwa supavaiza, khalas, kazi imekwisha na viza nayo. Hakulalamika. Nilipotaja lile jina, aliketi kitandani.

"Kwenye wimbo anaitwa jina lingine," akasema polepole. "Hilo liko kwenye karatasi za mahakama, na kwenye barua za bibi yangu. Hatujawahi kumwonyesha mtu." Akajifunika uso. "Tulijua. Nyumbani sote tulijua."

Ijumaa hakuimba. Jumamosi aliondoka.

Fundi amelibandua zulia lile mara mbili, hajaona bomba linalovuja. Wenzangu hawaingii humo bila mtu wa pili. Na mimi, tangu siku hiyo, situlii. Nikiinama kufagia nageuka, nikifungua bomba nageuka. Kwa sababu kwetu pia kuna wimbo, tuliuimba tukiruka kamba, wa mwanamke aliyeuawa na mumewe kwa kutorokea kwa wanaume. Je, wewe ungeacha kuuliza? Nilimpigia mama simu. Nikamuuliza, yule mwanamke alikuwa nani?

Nikamsikia mama akifunga mlango.

"Alikuwa dada yangu mkubwa," akasema. "Na hakutorokea kwa mwanaume. Alikuwa anarudi kwetu, uso umevimba."

Kwa hiyo nakusihi, wimbo ukikwambia marehemu ndiye aliyekosa, usikimbilie kuuitikia. Uliza kwanza nani aliutunga. Wafu wana masikio, ndugu yangu, na wengine wamechoka kusubiri.