Mafuta kwa Mgongo wa Chupa

Mtaani walimwita Mama Pamba kwa sababu alijaza magodoro. Hilo lilikuwa jina la usoni. La kisogoni lilikuwa Nusu Sura. Shavu lake la kushoto lilibonyea kama godoro lililolaliwa na mgonjwa miaka mingi, ngozi imegandana na mfupa, mdomo umevutwa pembeni, na kila alipokunywa chai ilimchuruzika kidevuni. Hakunywa chai mbele za watu bila kitambaa mkononi.

Mafuta ya moto yalimpata miaka kumi na tisa nyuma. Aliyeuliza aliambiwa, "Niliteleza jikoni." Maneno hayo alipewa na mama yake akiwa bado kitandani hospitalini. "Sema umeteleza, mwanangu. Mdogo wako ndiyo kwanza kaposwa."

Hakuteleza. Waligombea gauni, yeye na mdogo wake, na mdogo mtu akanyanyua karai la mafuta kutoka motoni, akammwagia. Mama aliyeifunga siri hiyo alishazikwa. Mdogo mtu aliolewa, akazaa, akanenepa. Mama Pamba hakuposwa na yeyote.

Kisha hospitali kubwa ikapata daktari wa kurekebisha sura. Wakaenda wawili, mdogo mtu amekumbatia mkoba wa dada yake. Daktari akaeleza: atayanyonya mafuta ya tumboni kwa mrija mwembamba, atayachuja, kisha atayapanda chini ya kovu kwa sindano, kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka.

"Si uyaweke yote kwa pamoja umalize?" mdogo mtu akauliza.

"Donge kubwa halifikiwi na damu katikati. Linakufa."

"Kama pamba," akasema Mama Pamba. "Ukishindilia donge, litabaki donge. Sharti uichambue."

Daktari akacheka. "Wewe tungekuajiri hapa." Akabana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akajaribu na mapaja. Kicheko kikamwisha. "Mama, sasa hapa nitachukua nini?"

Mdogo mtu akainuka. "Nichukueni mimi! Tazama, daktari, ninayo ya kugawia mtaa mzima. Sisi ni tumbo moja."

"Mwili haupokei mafuta ya mtu mwingine, hata ya ndugu. Lazima yawe yake. Aongeze kilo sita, arudi."

Mama Pamba alimwona mdogo wake akishusha pumzi huku akiketi.

Walipotoka nje mdogo mtu akamshika mkono. "Nitakulisha, dada. Nitakulisha mpaka ujae. Ukipata shavu lako, yale yaishe."

"Yapi?"

"Unayajua."

"Yataje."

Mdogo mtu akatazama ukuta. "Yale ya kuteleza."

Miaka yote Mama Pamba alikuwa akilisubiri neno moja la kukiri kutoka kinywa kile, na alilopewa ndilo hilo. Lakini shavu alilitaka. Akakubali.

Basi kila mchana bakuli likaletwa kwenye kibanda chake cha magodoro, limefunikwa, viazi na samaki wa kukaanga vinang'aa mafuta. Kila tonge lilimnukia lile karai. Alimeza kama mtu anayemeza shubiri.

"Meza, dada, hilo la kidevu," mdogo mtu alitania. "Na hili la shavu. La makalio utalipata kesho!"

Siku moja Mama Pamba akajikuta amecheka, na kicheko hicho kikamuuma kuliko njaa.

Kilo sita zikaja kwa miezi mitatu. Akapasuliwa. Wiki za kwanza alivimba, tumbo likavilia damu, akakatazwa kulalia upande ule. Uvimbe uliposhuka shavu likaonekana: laini, limejaa. Alikunywa chai mbele ya kioo, isimwagike hata tone.

Daktari alionya. "Usikonde. Na hata hivyo mwili utakula sehemu, labda nusu. Huenda tukarudia."

Mdogo mtu alisikia aliyotaka kuyasikia. Akaita majirani. "Mtazameni dada yangu! Nimemrudisha kwa mikono yangu hii."

"Mdogo mtu kama wewe hayupo," wakamsifu. Mama Pamba aliketi katikati yao na shavu lake jipya, akatambua kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kesho yake bakuli halikuja. Wala keshokutwa. Akarudia mkate mkavu na kazi ya kutwa, kilo zikayeyuka. Godoro jipya nalo hubonyea. Mwezi wa nne baada ya upasuaji chai ikaanza tena kuchuruzika.

Akamfuata mdogo wake. "Linabonyea."

"Kwani mimi ndiye ninayelila? Yangu nimetimiza. Tulishamaliza, dada."

Hata hivyo siku ya kurudi hospitalini alimsindikiza. Sifa za majirani zilikuwa bado tamu. Faili la zamani halikuonekana, muuguzi akaanza jipya.

"Uliunguaje, mama?"

"Aliteleza," akajibu mdogo mtu.

"Namuuliza yeye."

Mama Pamba akajifuta mate kidevuni. "Nilimwagiwa."

Kalamu ikasimama. "Na nani?"

"Dada," mdogo mtu akanong'ona. "Dada, tumbo moja."

"Na huyu aliyekaa hapa."

Muuguzi akaandika. Mdogo mtu akauweka mkoba wa dada yake sakafuni, akatoka bila kugeuka. Daktari alipokuja akabana tumbo, akatikisa kichwa. "Kilo zimekwenda wapi? Hakuna cha kuchukua. Rudi ukinenepa."

Kabla jua halijatua mtaa mzima ulishajua: Nusu Sura kamsingizia mdogo wake aliyemlisha miezi mitatu. Jirani mmoja akaja kulichukua godoro alilolileta kujazwa, nalo nusu tu limejazwa.

"Si ulisema mwenyewe uliteleza?" akamsuta.

"Nilisema."

"Leo ndiyo umekumbuka? Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Mama Pamba akamsaidia kulikunja. Akaokota pamba iliyobaki sakafuni, akaichambua, na mchana akala mkate wake, akiutafuna kwa upande wa kulia.