Mechi Iliyoahirishwa na Salamu ya Mtani

Ligi yetu ya taifa nimeijua kwa mdomo wa mama. Watoto wenzangu walisimuliwa ngano za sungura na fisi. Mimi nilisimuliwa habari za timu iliyogoma kuingia uwanjani, za refa aliyetolewa na gari la polisi, za bingwa aliyepatikana kwa pointi za mezani wakati mashabiki wameshalala. Kulikuwa na timu moja ndogo aliyoipenda. Ilipanda daraja kwa taabu, kisha ikauzwa, ikahamishiwa mkoa mwingine na kupewa jina jipya. Mama alinuna wiki nzima kama aliyefiwa. Yote hayo aliyasikia redioni, kisiwani kwetu huko delta, mikono yake ikisuka ukili. Uwanja wenyewe hakupata kuukanyaga maisha yake yote.

Kati ya zile timu mbili kubwa za mjini, yeye alikuwa na yake, na jirani yake alikuwa na ile nyingine. Jirani huyo ni mzee mkata mikoko. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, kwa hiyo walikuwa na ruhusa ya kutukanana hata penye msiba, na mpira ukawaongezea utani juu ya utani. Wakajiwekea sharti. Timu zao zikikaribia kukutana, kuanzia Ijumaa ya kabla ya mechi hawasemezani. Filimbi ya mwisho ikilia, aliyefungwa anakwenda nyumbani kwa mwenzake na kumsalimia kwanza, na salamu hiyo ndiyo kukubali kwamba kashindwa. Ikiwa sare, kila mmoja anamngoja mwenzake achoke. Nakumbuka mama akiomba kibiriti kwa jirani kwa kugonga ukuta, kwa kuwa timu zilitoka sare na hakuna aliyekubali kuanza.

Msimu mmoja wakanuniana kama kawaida yao. Siku yenyewe ya mechi, mchana, ikatangazwa kuwa imeahirishwa. Timu hii inasema kanuni zimevunjwa, ile inadai pointi zake, wakubwa wa soka wanasema suala linafanyiwa kazi. Mama alinipigia simu akicheka. Alisema mtani wake kapata bahati, kapewa muda wa kujiandaa kufungwa.

Ikapangwa tarehe nyingine, nayo ikafutwa. Wale wazee kimya. Watu wa kisiwani wakawa wanapita kuwatazama, wanasema ligi hii safari hii imeozesha bubu na kiziwi. Kisha miguu ya mama ikaanza kuvimba. Nikamfuata, nikamleta kwa boti mpaka Nyamisati, na kutoka pale kwa gari mpaka kwangu Kibiti, ninakoshona nguo, ili awe karibu na hospitali. Wakatuambia ni moyo. Daktari alinieleza taratibu, kwa maneno ya heshima, na nikaelewa kwamba tumechelewa.

Mtani akaanza kuja. Anatoka kisiwani alfajiri na kifurushi chake, anafika kwangu, anaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda cha mama, halafu anageuka kunitazama mimi.

"Mwanangu, mwambie huyo mgonjwa wako, kambamti hawa wamevuliwa jana. Asije akasema nampa vilivyooza vikafanana na timu yake."

"Mwambie huyo mgeni wako," mama akajibu akinitazama mimi vilevile, "timu iliyooza ni ile inayokimbia mechi."

Nami nikakaa katikati, nikirudia kila neno kwa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Mara ya kwanza tulicheka hadi machozi. Mara ya tatu nilikuwa nacheka peke yangu, kwa kujilazimisha. Mama alikuwa amekonda, na maneno yake yalikuwa yanatoka nusunusu, mengine nayamalizia mimi.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka. Kila jioni nilifungua simu kutafuta kama tarehe imetoka. Nilisoma taarifa kwa umma, majibu ya taarifa, na majibu ya majibu. Watu wazima wenye tai zao wanavutana juu ya kifungu cha kanuni, na mimi nataka dakika tisini tu, afungwe yeyote, mradi wazee hawa waambiane neno.

Mara ya mwisho alipokuja, mama hakuweza kuinua kichwa kwenye mto. Mtani aliketi, akaweka kifurushi chake chini. Nikaona midomo yake inafunguka, na kichwa kimegeukia kwa mama, si kwangu. Mama naye aliona. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, akakitikisa. Mzee akafunga mdomo.

Nilimsindikiza hadi barabarani kungoja bodaboda. Nikamwambia, "Baba, acheni hilo sharti. Msalimie tu."

"Mwanangu," akasema, "nikimsalimia leo, atajua nimemkatia tamaa."

Niliporudi ndani mama alikuwa ananingoja macho mlangoni.

"Hakusema?"

"Hakusema, mama."

"Basi bado naonekana mzima," akasema, akafumba macho, na nilimwona ameridhika.

Alifariki siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Tarehe ya mechi ilikuwa bado haijatangazwa. Tukamrudisha kisiwani kumzika.

Kwetu, maiti haitoki nyumbani mtani hajafika. Anasimama mbele ya jeneza, anazuia njia, anamsema marehemu mambo yake yote hadi wafiwa wanacheka kwa kulazimika, na haondoki hadi apewe chochote, hata kuku. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo tulisimama kibarazani kuona mama anavyotolewa. Wabebaji walipofika mwisho wa uwanja wa nyumba walipunguza mwendo wenyewe, maana mzee alikuwa ameshasimama katikati ya njia na kofia yake mkononi. Watu wakajiandaa kucheka. Mmoja wa shangazi zangu alikuwa tayari na kuku chini ya kwapa.

Mzee hakusema utani wowote. Alisogea, akaweka kiganja juu ya nguo iliyofunika jeneza, akainama kama anayezungumza na mtu asiyesikia vizuri.

"Asalamu alaikum, mtani. Mimi ndiye niliyefungwa. Haya, nimeanza mimi. Niitikie."

Akasubiri. Wabebaji nao wakasubiri, na jeneza mabegani. Kisha akajiondoa mwenyewe njiani, bila kudai kitu, nao wakaendelea kwenda.