Siku Alric Alipoonekana Nje ya Karantini

Verna Scipio alikuwa na miaka hamsini na minane mwaka ule wa ugonjwa, na kazi yake ilikuwa kupeleka chakula karantini. Kisiwa chetu kiko peke yake katikati ya Atlantiki. Ndege ilikuja mara moja kwa mwezi, na kila aliyeshuka alipelekwa moja kwa moja kwenye kambi ya zamani ya wajenzi wa uwanja wa ndege, akakaa humo siku kumi na nne. Verna alisukuma kigari chake mlango kwa mlango, akaweka sahani juu ya kistuli, akagonga, akarudi nyuma hatua sita. Ndipo mlango ulipofunguliwa. Watu aliosoma nao, watu aliowabeba mgongoni wakiwa wachanga, alizungumza nao kwa kupaza sauti kana kwamba wako ng'ambo ya mto.

Ugonjwa wenyewe haukuwa umeingia. Dunia nzima ilikuwa ikizika, sisi tukicheza dansi Jumamosi bila barakoa. Lakini tulikuwa watu wa kushtuka. Mtu akikohoa dukani, foleni ilinyamaza.

Mwezi wa saba kaka yake Verna alirudi. Alric alikuwa amefanya kazi visiwa vya Falklands, kusini ya mbali, miaka kumi na tisa, akikata nyama kwenye machinjio. Alirudi kwa sababu mama yao, Bi Iris, alikuwa anaondoka duniani. Mama alikuwa na miaka tisini na mmoja, masikio yameziba, simu haisikii, miguu haimpeleki hata mlangoni. Asubuhi, Verna akiwa kazini, alimwachia jirani yao, Olive Essex, amtazamie.

Siku ya tano ya karantini ya Alric ilikuwa Jumanne. Ukungu ulishuka tangu alfajiri, ule ukungu wa kwetu huku mlimani unaoingia hadi jikoni. Saa nne Olive alitoka kuwapa kuku chakula. Hakukaa hata robo saa. Aliporudi alimkuta Bi Iris ameketi kitandani, ameegemea mto, mtu ambaye kwa wiki nzima hakuweza kuinua kichwa. Kiti cha pembeni mwa ukuta kilikuwa kimevutwa hadi kitandani, upande wa dirisha.

"Umechelewa," Bi Iris akamwambia. "Alric ametoka sasa hivi."

Olive akakimbilia dirishani. Barabarani, pale inapokata kona kwenye mikonge, aliona mgongo wa mwanaume aliyevaa koti la mvua. Hakugeuka. Ukungu ukamfunika.

Olive si mwongo, na si mtu wa fitina. Mimi nimeishi nyumba ya tatu kutoka kwake maisha yangu yote. Alichokifanya ni kile ambacho yeyote kati yetu angekifanya: alikwenda dukani, akasema. Kufikia saa nane mchana kisiwa kizima kilijua kwamba Alric Scipio ametoroka karantini.

Verna aliisikia habari hiyo akiwa njiani kurudi nyumbani. Dereva wa lori alisimamisha gari na kumuuliza bila hata salamu, "Verna, ndugu yako anataka kutuua?" Akafika nyumbani anahema. Mama yake alikuwa amelala, lakini alipoguswa mkono alifumbua macho, akatabasamu.

"Amekonda," akasema. "Na analia."

"Nani, mama?"

"Kaka yako. Mbwa wake amekufa. Admirali." Alilitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayejifunza neno geni. "Nikamwambia, lia tu mwanangu, hapa hakuna mtu."

Verna hakuwahi kusikia kwamba Alric ana mbwa.

Kesho yake asubuhi aliweka sahani ya plo juu ya kistuli, pilau yetu ile ya sufuria moja, akagonga, akarudi nyuma hatua zake sita. Alric akatokea mlangoni, ndevu hazijanyolewa.

"Kaka, nikuulize kitu usinifiche."

"Uliza."

"Jana ulitoka?"

"Nitoke niende wapi? Si ulikuwa hapa hapa? Nesi alinichoma pua na kile kijiti chake, mwenyewe ukasimama pale unacheka ninavyopiga chafya."

Ni kweli. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Verna alikuwa amesimama pale pale na kigari chake, akamcheka. Tangu jana alikuwa amejikumbusha jambo hilo mara mia.

"Falklands ulikuwa na mbwa?"

Alric aliacha mkono wake hewani, juu ya sahani.

"Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Alikufa wiki mbili kabla sijaondoka. Nikamzika mwenyewe nyuma ya kibanda. Sikumwambia mtu, Verna. Mwanaume mzima nilie kwa ajili ya mbwa, halafu nikahadithie?"

"Aliitwa nani?"

Alric alisukuma sahani pembeni. Alipotaja jina, Verna alishika mpini wa kigari kwa mikono miwili. Hakumweleza kitu. Alikwenda mlango uliofuata, akaweka sahani, akasahau kugonga.

Mkutano wa Alhamisi ulikuwa umepangwa tangu zamani. Serikali ilitaka maoni ya wananchi, kama siku za karantini zipunguzwe kutoka kumi na nne hadi kumi. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani, madirisha yakifunikwa na ukungu. Diwani Percival Legg alikuwa bado anasoma barua ya serikali alipokatizwa.

"Siku kumi? Hizo kumi na nne zenyewe hamwezi kuzilinda! Watu wanatembea!"

"Wewe kaa, Baharia, hata kuku wako hukuweza kuwalinda."

Kicheko kikapita, kifupi. Kisha mwanamke mmoja akasimama na kusema kwamba mashine za kupumulia hospitalini zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mama yake ana pumu, basi atakayetoroka afungwe jela. Akapigiwa makofi. Mzee mmoja akamjibu akiwa ameketi, sauti yake haikuwa kubwa lakini alisikika.

"Bibi zetu walishushwa kutoka meli za watumwa, wakawekwa kule bondeni kwa sababu ya ndui. Chakula wakitupiwa kutoka mbali. Wangapi walitoka? Msiseme jela haraka haraka. Sisi ni wajukuu wa waliofungiwa."

"Na wasingefungiwa, ndui ingemaliza kisiwa," mwingine akasema. "Tusingekuwa na mjukuu wa kuongea hapa."

Ikawa zogo. Diwani akagonga meza. Ndipo Olive akasimama, mikono imeshika mkoba.

"Mimi sitaki mtu afungwe. Nataka kujua tu. Nilimwona mtu. Bi Iris alikuwa ameketi, na kiti kimevutwa. Verna, wewe ndiwe unayemlisha kule. Tuambie hapa mbele za watu. Ndugu yako alitoka?"

Watu mia mbili wakamgeukia. Verna aliniambia baadaye kwamba wakati ule aliwaza mambo mawili tu. La kwanza, kwamba akitaja habari ya mbwa, hakuna atakayeamini kwamba Alric hakutoka. La pili, kwamba hata yeye, kama asingekuwa pale, asingeamini. Lakini alikuwa pale.

"Hakutoka," akasema. "Saa nne na dakika tano alikuwa mlangoni kwake akichukuliwa kipimo. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Kutoka kule hadi kwetu kwa miguu ni saa nzima."

Nesi Tamsin akasimama nyuma. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyempima, na saa niliiandika. Mlinzi wa geti pia yupo, muulizeni. Kipimo kilikuwa safi."

Mlinzi akaitikia kwa kichwa.

Olive akabaki amesimama. "Basi niliona mgongo wa nani?"

"Sijui, Olive."

"Nani aliyekaa na mama yako?"

"Sijui," Verna akasema tena. "Natamani ningejua."

Hakuna aliyecheka. Hata yule Baharia aliinamisha kichwa. Nilisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye mabati, moja baada ya jingine. Mtu aliyekuwa karibu na mlango akaufunga polepole.

Diwani alikohoa, akajuta kukohoa. Akasema suala la siku litajadiliwa wiki ijayo. Halafu, bila mtu kumwomba, akasema ataomba daktari amruhusu Alric amwone mama yake, avishwe nguo za kujikinga, apelekwe na kurudishwa. "Kuna anayepinga?" Hakuna aliyeinua mkono. Hata mwanamke mwenye mama wa pumu. Nadhani wengi wetu tulitaka tu mtu anayejulikana aingie kwenye chumba kile, akalie kile kiti.

Tulirudi majumbani wawili wawili. Waliozoea kupita njia ya mikonge walizunguka.

Ruhusa ilitoka Ijumaa, aende Jumatatu. Bi Iris alifariki Jumamosi saa tatu asubuhi, Verna amemshika mkono. Hakuwa na hofu. Mara kwa mara alitupa macho upande wa dirisha, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Kile kiti Verna alishakirudisha ukutani tangu Jumanne, na mama hakuulizia.

Tulimzika Jumapili. Gari la jeneza lilisimama barabarani chini ya ua wa kambi, na sisi sote nyuma yake. Alric alikuwa juu ya tuta, ndani ya ua, amevaa shati jeupe lililokunjamana kwa kukaa sandukuni. Padri alisoma kwa sauti kubwa ili amfikie. Ulipofika wimbo, Alric aliimba peke yake kule juu, akichelewa mdundo mmoja nyuma ya sauti zetu kwa sababu ya umbali, kiasi kwamba kila mstari ulisikika mara mbili. Olive alikuwa pembeni yangu. Alikuwa analia, na hakuwa anamtazama Alric. Alikuwa anatazama barabarani, nyuma yetu, kila mara.

Alric alitoka Alhamisi. Verna alimpokea getini, na kwa mara ya kwanza tangu arudi walikumbatiana. Nyumbani alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, hakuingia. Hapo ndipo Verna alipomwambia yote, pamoja na maneno kuhusu mbwa.

Alric aliegemea mwimo wa mlango. Kisha akauliza, "Alisema nilikaa upande gani?"

"Dirishani."

Akaitikia kwa kichwa. "Ndipo ningekaa."

Hawajalizungumza tena. Alric hakurudi Falklands. Alipata kazi bandarini, na wanaishi wawili katika nyumba ile. Olive kwa miezi alishindwa kupita mbele ya mlango wao, hadi Verna alipomfuata mwenyewe, akamshika mkono na kumketisha jikoni kwao. Wakanywa chai, wakateta kuhusu bei ya viazi.

Mwaka uliofuata serikali iliita mkutano mwingine, safari hii kuuliza kama kisiwa kifunguliwe kabisa. Wengi tulidhani Verna angekuwa wa kwanza kupinga. Aliinua mkono wa kufungua. Mtu akamuuliza kwa nini, yeye aliyejua hatari kuliko wote.

"Nimechoka kuongea na watu kwa umbali wa hatua sita," akasema, akaketi.

Mipaka ilifunguliwa mwezi wa nane, na ndani ya wiki chache ugonjwa ukapita nyumba kwa nyumba. Verna aliumwa siku nne. Homa haikumsumbua sana, ila ulimi ulikufa ganzi, hakuonja kitu. Alikaanga keki za samaki, akatia pilipili mara tatu bila kujua, na Alric akala zote, machozi yanamtiririka, asiseme neno.