Debe Langu na Barua ya Mpishi

Muhula uliopita niligundua jambo ambalo walimu wangu wote, pamoja na vyeti vyao, hawakulijua: msichana mwenye debe kichwani haulizwi anakokwenda. Debe langu halikuwa na tone la maji. Nililifunika kwa majani ya mgomba, kama tunavyofanya sote ili maji yasimwagike njiani, nikakaza shingo, nikahema kama mtu anayeteseka, kisha nikatembea zangu. Kutoka bweni hadi bustani, kutoka bustani hadi nyuma ya kanisa, na huko nilikaa chini nikala mapera mpaka kengele ya darasa. Matroni akiniona alidhani nimetumwa na mwalimu wa shamba. Mwalimu wa shamba alidhani nimetumwa na matroni. Bibi Mkuu, Mzungu wetu, alinichungulia kupitia dirisha la ofisi, chini ya picha ya Malkia, akaitikia kwa kichwa. Nadhani hata alinisifu kwenye barua za kwao.

Mambo haya yaliwezekana kwa sababu shule yetu, huku juu ya Meru, ina wasichana karibu mia mbili, na kila mkubwa ana haki ya kumtuma yeyote wakati wowote. Matroni anakutuma kuni. Ukirudi nazo unakutana na mwalimu wa shamba: "Wewe! Tua hizo, kamata jembe, kahawa imemezwa na magugu!" Unatua. Hujamaliza mstari wa pili, mwalimu wa kwaya huyo anakuja mbio: "Sauti ya pili haina watu!" Unatupa jembe. Kuni zinabaki njiani zikinyeshewa. Mwenzako akizikuta anazibeba hatua kumi, halafu naye anatumwa kuchuma maua ya kanisani.

Aliyeumia ni mpishi. Ni Mchaga, mtu mzima, mpole, mwenye macho mekundu kwa moshi. Chakula cha saa sita na nusu kilikuwa kinatoka saa tisa. Maji yakifika jikoni, kuni hazipo. Kuni zikifika, maji yameshachukuliwa kumwagilia miche. Tukimlalamikia alijibu, "Niwapikie kwa kitu gani, wanangu? Kwa hasira?"

Siku moja wazee wa kanisa walikuja kukagua shule. Walikaa mezani saa saba, wakasali. Saa nane wakaimba. Saa tisa kasoro mchungaji mmoja akasali tena, safari hii kwa kirefu, na nahisi aliomba ugali waziwazi.

Baada ya siku mbili mpishi aliniita nyuma ya jiko. Mkononi alikuwa na barua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe mchekeshaji, unaweza kusoma kitu bila kucheka?"

"Nitajaribu."

"Macho yangu hayaoni hivi vijiandishi. Soma."

Ilikuwa ya Bibi Mkuu. Ilisema kwamba chakula kinachelewa kwa uvivu wa mpishi, kwa hiyo Jumamosi atakuja mwingine kutoka Ngarenaro, kule mjini, aliyewahi kupika hotelini, na yeye afungashe vyake.

"Rudia pale."

"Uvivu, baba."

Aliitazama mikono yake, akamwita Mungu kwa Kichaga. "Ruwa wangu! Mimi ninayewaamsha majogoo wao?" Akaichukua barua, akaikunja. "Basi na binti yangu ataacha shule. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja."

Nilitafuta la kuchekesha. Kweli nilitafuta. Sikulipata.

Nikalibeba debe langu hadi ofisini, nikalitua juu ya meza ya Bibi Mkuu, nikaondoa majani. Akachungulia ndani.

"Maji yako wapi?"

"Hayajawahi kuwemo, Bibi. Tangu tufungue shule."

"Nani alikutuma kubeba debe tupu?"

"Hakuna. Ndiyo sababu nimeweza kuzunguka nalo muhula mzima."

Uso wake ukawa mwekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Nikawahi kusema: "Bibi, kabla ya kunichapa, tukasimame kidogo kwenye njia ya jikoni. Mpishi halali. Zinazolala ni kuni zake."

Tukasimama. Wa kwanza kupita alikuwa na jembe. "Nilitumwa maji," alisema, "ila mwalimu wa shamba kasema ndoo itangoja." Wa pili alikuwa ameshika maua na kuni tatu. Alitumwa vyote viwili na watu wawili, basi akaamua kuwagawia nusu nusu. Wa tatu alikuwa anakimbia kutoka jikoni, mikono mitupu.

"Na wewe? Nani kakutoa jikoni?" Bibi Mkuu akauliza.

Msichana akainamisha kichwa. "Ni wewe, Bibi. Umenituma nimtafute paka wako."

Nilikohoa ili nisife kwa kicheko. Bibi Mkuu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba paka anajua njia ya nyumbani.

Kesho yake kwenye ukuta wa jiko, upande wa bwalo, kulipigiliwa ubao wenye safu za misumari: kuni, maji, shamba, jikoni. Kila msichana alichongewa kibao chenye namba yake kubwa, ileile iliyoshonwa kwenye nguo zake. Anayemtaka mtu asogeze kibao chake kwanza, na kibao cha kuni au cha maji hakiguswi mpaka mpishi agonge sufuria kwamba sasa inachemka. Nilimwona kwa macho yangu mwalimu wa shamba amevua kofia mlangoni: "Mzee, niazime wawili tu, magugu yananizidi." Na mpishi, akikoroga taratibu: "Ngoja, mwalimu. Bado haijachemka."

Kibao changu mimi, namba arobaini na moja, kilipigiliwa misumari miwili kwenye safu ya jikoni, kazi yangu kuchambua maharage. Hicho hakisogezwi na mtu.

Jumamosi yule wa Ngarenaro akatokea, na aproni yake na visu vyake. Ofisi nzima ilikuwa imeshughulikia ubao. Hakuna aliyetumwa kumwambia asije. Bibi Mkuu akamkaribisha chakula. Saa sita na nusu barabara wali na maharage vikawa mezani. Mpishi wetu alisimama mlangoni, anajifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu tayari.

Mgeni akatia kijiko mdomoni. Kra! Akatema jiwe kwenye sahani.

"Mnapika hivi hapa?"

Bibi Mkuu akamtazama mpishi. Mpishi alikwenda ubaoni, akainama karibu kabisa na safu ya jikoni, akasoma kwa sauti ya mchungaji: "Mchambuaji wa maharage, arobaini na moja!"

Vichwa mia mbili vikanigeukia.

Bibi Mkuu akamwomba mgeni radhi kwa safari aliyompa bure, akamwambia mpishi wa shule hii yupo. Kisha akaniambia kuna gunia zima la maharage stoo, nikaanze kulichambua sasa hivi, na sahani yangu niiache palepale.