Mwaka Moshi Ulipokatika Kambini

Enzi zetu kule Lubumbashi, nyinyi mliokulia kambi ya wafanyakazi mtakumbuka, asubuhi hatukuuliza saa. Tuliuliza moshi unaelekea wapi. Ukielekea mtaa wa Katuba, sisi wasichana tulicheza nzango uani, tukirusha miguu na kupiga makofi mpaka kandambili zikakatika. Ukigeukia kwetu, koo liliwasha, ulimi ukapata ladha ya msumari, na mama zetu wakakimbilia kamba za nguo, kwa sababu manyunyu yakikutana na moshi ule yalitoboa mashati. Mwalimu wa kemia alitueleza kwamba jiwe la shaba lina salfa ndani yake. Likichomwa, salfa inapanda kuwa gesi, na gesi ikishikana na maji angani inarudi chini ikiwa asidi. Tuliandika huku tukikohoa. Watoto wangu leo wanatazama hali ya hewa kwenye simu, kisha wanatoka bila mwavuli na kulowa.

Lakini hakuna aliyeuchukia moshi. Baba aliyeyusha shaba chini ya shimini ile ndefu, bomba la moshi la kiwanda, na msemo wake ulikuwa mmoja: "Shimini ikivuta, chungu inachemka." Kweli ilichemka: bukari, ugali wetu wa unga wa kampuni, vidagaa vya ndakala, na sombe, majani ya muhogo yaliyotoka mbali, maana uani kwetu hakikuota kitu.

Kisha nchi ikaanza kubomoka. Mgodi uliotoa jiwe la shaba uliporomoka, mishahara ikakauka, na familia zilizotoka mikoa mingine, zikiambiwa kwamba hapa si kwao, zikajazana stesheni na magodoro yao zikisubiri treni. Béa, mwenzangu wa nzango, aliondoka hivyo, hata kuagana hatukuagana. Na siku moja moshi ukakatika. Mbingu ikawa buluu, safi, ya kutisha. Baba alivaa kofia yake ya kazi, akasimama barabarani kutazama juu, akarudi, akakaa, akainuka tena. Kambi nzima ilikuwa hivyo: watu wakitoka na kuingia kama wamesahau kitu.

Mama aliona jambo jingine. Kando ya bomba la maji majani yalikuwa yameanza kuchipua. Akaazima jembe, akapanda maharage, lengalenga na maboga. Vikaota! Tulikuwa tukienda kuyashika majani kwa vidole, kama watu wanaoshika mtoto mchanga.

"Baba Ilunga," alimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa, "njo uone, maboga inatoa maua."

"Nitaona nini? Hii majani yako inaota sababu kazi yangu ilikufa."

"Sasa batoto bakule nini? Bakule mbingu?"

Baba alichukua kofia yake. Alitoka tena kwenda kutazama shimini.

Mchana mmoja tulisikia makelele: "Inavuta! Inavuta!" Kambi yote ilimwagika nje. Wanawake walipiga vigelegele na masufuria. Baba, ambaye sikuwa nimewahi kumwona akilia, alilia akifunga kamba za buti zake, akakimbilia kazini. Mama peke yake alikimbia upande wa pili, bustanini, akifunika miche kwa mashuka na vitenge, akituita tumshikie pembe. Tulizishika huku tukikohoa na kucheka, hatujui tufurahi au tulie. Upepo ukageukia kwetu.

Majani yalipata madoa meupe, kisha yakakauka kama yaliyopitiwa na moto. Na kabla mama hajamaliza kung'oa mashina yaliyokufa, shimini ilinyamaza tena. Baba alirudi kutoka getini. Walikuwa wamechoma mabaki tu, alisema. Tanuri lilifungwa, na safari hii hakuna aliyeambiwa arudi lini. Alimtazama mama aking'oa mashina. Kisha akavua buti.

"Mama Ilunga, mbegu ilibakia?"

"Ilibakia kidogo."

"Lete."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona baba akishika jembe. Alilima vibaya, kwa hasira, mistari imepinda, na mama hakumrekebisha. Mvua ilikuja kwa wakati wake, na tulikula maboga yale mpaka tukayachoka. Hata hivyo baba hakuzoea ile mbingu safi. Kila alipoinua mgongo kupumzika, macho yake yalipanda juu.

Leo mvua inachelewa, ikija inabomoa kuta. Misitu ya njia ya Kasumbalesa imekwisha kuwa makala, mkaa wa kupikia, maana majirani wengi waliokosa kazi waliishia kukata miti. Malori yanapita na vumbi lake, na shimini mpya zimesimama nyuma ya kuta ndefu ambazo hakuna mtu wa kwetu anayezipita. Juzi mjukuu wangu alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaniuliza mimi bibi yake: "Kambo, hii moshi ni ya nani?"

Enzi zetu jibu lingekuwa rahisi: ni moshi wa baba yako, na jioni tutakula. Nilimfuta uso, nikafunga dirisha.