Marekebisho Yaliyoliwa na Panya

Sheria za uchukuzi, kwa jinsi nilivyozijua mimi, zilikuwa vikaratasi. Miaka ya hamsini nilikuwa karani na mkalimani wa Kamishna wa leseni za magari pale Nakuru. Kila Nairobi walipobadili mstari wa kanuni, walituletea kikaratasi cha kubandika juu ya mstari wa zamani. Kitabu kilinenepa kama kondoo wa Krismasi. Marekebisho yalikuja kwa wingi, gundi haikuja kamwe. Mimi nikakoroga uji mzito wa unga wa ngano, nikabandika nao. Nilijiona mjanja kweli.

Mzee mmoja mwenye duka huko Dundori alikuwa amefunga mabenchi kwenye lori lake, akaomba leseni ya kuchukua abiria. Watu wa kwake waliteremka mjini kwa miguu, wagonjwa wakibebwa mgongoni. Kanuni ya zamani ilidai wajumbe wawili kikaoni, Kamishna na mwenzake. Huyo mwenzake, mzungu mwenye shamba la pareto, kila siku ya kikao alikuwa na ng'ombe anayezaa. Ombi likaahirishwa mara nne. Ndipo yakaja marekebisho: Kamishna aweza kuamua peke yake. Nikayabandika kwa furaha, nikamwita mzee.

Siku ilipofika, mwenye mabasi aliyejiona ameinunua barabara ile alileta wakili kupinga. Wakili akafungua kitabu, akasoma kwa sauti: wajumbe wawili. Nikacheka moyoni, mpaka nilipochungulia begani kwake. Kikaratasi changu hakikuwapo. Panya walikuwa wamefuata unga, na sheria wakaifanya mboga.

Mzee wa Dundori alinitazama, kofia mkononi. Nikinyamaza, anarudi mlimani mara ya tano. Nikisema, mimi ndiye narudi kwetu, bila kazi. Niliogopa, sitaficha.

"Bwana," nikasema, "marekebisho yalikuja. Yameliwa na panya."

Ukumbi ukaangua kicheko, wakili akapiga meza kwa viganja. Kamishna hakucheka. Alikinusa kitabu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kizungu:

"Hii unga?"

"Ni unga, Bwana."

"Wewe iko kichwa mbovu sana. Lakini nakumbuka hiyo maneno?"

Nikayakariri, kifua mbele. Kamishna akapiga muhuri, wakili akaondoka bila kuaga. Mzee alinikumbatia hadi miguu yangu ikaacha sakafu.

Wiki mbili baadaye Nairobi wakatuletea nakala nyingine ya marekebisho yale. Nikaisoma hadi mwisho. Kulikuwa na mstari wa mwisho ambao nilikuwa nimeusahau kabisa: Kamishna aweza kuamua peke yake, isipokuwa pale ombi linapopingwa. Na hili lilikuwa limepingwa, tena na wakili mwenye tai! Leseni ya mzee ilikuwa bure.

Asubuhi hiyohiyo lori lilikuwa limesimama mbele ya ofisi. Akina mama walishuka na mitungi ya maziwa, na bibi mmoja aliyekuwa akipelekwa hospitali aliteremshwa polepole, mzee mwenyewe amemshika mkono.

Nikampelekea Kamishna kile kikaratasi. Nilitamani panya wangekipata kwanza. Alikisoma mara mbili, kisha akatazama nje, kwenye lori.

"Nani ingine nasoma hii?"

"Sisi wawili tu, Bwana."

"Wawili," akasema. Akafikiri. Akasukuma kwa mguu kiti cha yule bwana wa pareto. "Keti."

Nikaketi.

"Lori ya Dundori. Nani nakubali?"

Akainua mkono, nami nikainua wangu, juu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimesimama katika chumba kile miaka sita. Kiti kilikuwa laini kuliko nilivyodhani.